Shairi la Bibi na Ndoo Tupu

Nyumba ya Saetgol,
Kijiji cha Duitgol,
Andong.
27 Novemba, 1986

Mpendwa Wifi Sunrye,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu, na za baridi pia, maana theluji ya kwanza ilianguka jana na mitungi yote ya uani imevaa kofia nyeupe. U hali gani? Nyonga inaendeleaje? Umeanza kukanyaga bila mkongojo, au bado unatembea kama bata wa Mzee Kwon? Yule daktari wako aliyekukataza kupanda ndege nilimlaani wiki nzima, kisha nikamwombea heri kwa kukushona vizuri. Nadhani laana na dua zimekutana njiani zikamalizana.

Na shemeji Dieter hajambo? Mwambie bado sijamsamehe kwa kusema kimchi yangu ya kabichi inanuka. Klara je, bado anaota meno kwa pupa au ameyamaliza? Ile picha yake tumeibandika juu ya redio, na kila mgeni anayeingia anasema amechukua paji la uso la Bibi, marehemu mama yako. Mimi ninanyamaza, ingawa najua paji la uso la mtoto wa mwaka mmoja linafanana na la kila mtu.

Sisi huku wazima. Mimi nina vidole vilivyopasuka kwa chumvi na pilipili, lakini huo ni ugonjwa wa kila Novemba. Kaka yako anakohoa kidogo na kulalamika sana. Binti yetu Hwaseon yupo nyumbani tangu kumbukumbu ya Bibi, chuo kimefungwa kwa sababu ya maandamano, na mimi moyoni sijasikitika hata kidogo. Wavulana wetu wapo Seoul, walikuja na kuondoka.

Najua umeruka salamu zote hizi ukitafuta shairi liko wapi. Nakujua. Tulia, liko humu humu, limekunjwa chini ya barua hii kwenye kitambaa cha bluu. Lakini ninakuomba usilifungue kwanza. Soma barua mpaka mwisho, ndipo ufungue, kwa sababu lina historia, na historia yenyewe nusura iniue.

Barua yako ya Agosti ninayo hapa. Uliniomba mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa kwetu binti ndiye humsomea mama yake shairi la buriani kwenye kumbukumbu ya mwaka, na wewe nyonga imekufunga kitandani huko Bochum, basi mimi wifi yako nilitunge kwa jina lako, Hwaseon alisome, kisha ile karatasi yenyewe iliyosomwa mbele ya Bibi nikutumie. Ulisisitiza kwamba hutaki nakala, unataka ile ile. Ulisema hukumvisha mama yako sanda wala hukumtupia udongo, basi angalau ushike karatasi aliyosomewa. Barua ile niliisomea jikoni, nikalia mpaka supu ikaungua.

La pili lilikuwa zito zaidi. Uliniomba nimuulize yeyote aliye hai kama Mama alikufa bado amekukasirikia. Kwa sababu siku ile ya mwaka sitini na tisa ulipokuwa unaondoka kwenda kuuguza wagonjwa wa Wajerumani, ulisimama langoni na mzigo wako, ukaita, na mlango wa chumba chake haukufunguka. Ukaniambia hata hilo nilitie katika shairi, hata kama linauma, kwa kuwa shairi la buriani halisemi uongo.

Wifi, jambo hilo la pili nililibeba tangu Agosti sijui nimuulize nani. Mimi mwenyewe, kama unavyokumbuka, nilikuwa na wewe. Nilitumwa nikusindikize mpaka mjini, tulikaa kiti kimoja ndani ya basi na begi lako magotini mwangu, wewe shingo imegeuka nyuma mpaka nikaogopa itavunjika. Niliporudi jioni nilimkuta Bibi anaosha mchele. Hakuuliza neno. Na nyumbani hakukuwa na tone la maji, nikaambiwa nikateke, nikaenda huku ninanung'unika kwamba mama mkwe akikasirika na bintiye, anayelipa ni mkwe. Ndivyo nilivyoamini miaka yote hiyo, kwamba alikuwa na hasira. Kaka yako nilimuuliza, akasema yeye siku hiyo alikuwa shambani, na kwamba mama yake hakuwa mtu wa kuulizwa.

Basi nikaanza kutunga. Usicheke. Najua mimi ni bingwa wa kukosoa mashairi ya wenzangu, lakini kukaa na yangu ni mambo mengine. Kila niliposhika kalamu nilikuwa namsikia Bibi nyuma yangu akisema mstari unachechemea. Unakumbuka alivyokuwa. Msimu wa maua, akina mama tukipanda mlimani kukaanga chapati za maua, hakuna aliyethubutu kufungua mdomo kabla yake. Alikuwa akianza, mwili unayumba taratibu, sauti inapanda na kushuka, na hata wale waliokuja kwa ajili ya chapati waliacha kutafuna.

Na mimi, wifi, nina deni lingine ambalo huenda hulijui lote, maana ulikuwa msichana mdogo. Niliingia nyumba hii kama bibi arusi nisiyejua herufi hata moja. Nililificha hilo kwa hofu. Bibi aligundua siku chache tu baadaye, hakumwambia mtu, hata kaka yako. Jioni akinikuta peke yangu jikoni, alichukua kijiti cha kuchochea moto, akachora herufi kwenye majivu, akasema mstari mmoja wa shairi, mimi nikaufuata. Nikikosea anafuta kwa mguu. Nilijifunza kusoma kwa mashairi ya mama yake, aliyoyapata kwa mama yake. Kila neno ninalokuandikia leo limetoka kwenye majivu yale.

Kwa hiyo niliandika hivi kuhusu alivyofika hapa, bibi arusi wa kubebwa. Nakunakilia kidogo tu uonje:

Alikuja na machela, mwaka wa njaa na jua,
Akapokewa na kuni, na jiko lisilowaka,
Akakita goti chini, akapuliza kwa shida,
Hata leo jiko hilo, nani aliyelizima?

Na kuhusu marehemu baba yako, Mungu amrehemu, nisingeweza kumwacha salama:

Babu yupo kitabuni, Bibi yupo mpungani,
Babu asoma ya mbingu, Bibi asoma ya tumbo.

Vipande nilivyokuwa ninavimaliza nilivipeleka kwa Bibi wa Mudol na Bibi wa Hanbat, wale mashoga zake wawili waliobaki. Unawakumbuka, kila mmoja anaitwa kwa kijiji alikotoka, na majina yao ya kuzaliwa nadhani wenyewe wameshayasahau. Bibi wa Hanbat alikuwa analia kwa kila mstari, hata ule wa tumbo. Bibi wa Mudol hakulia hata mara moja. Alikuwa anafumba macho, anayumba, halafu anasema hapa umepungukiwa, hapa umezidisha, hapa rudi ukapige deki. Kipande kimoja tu sikuwapelekea, kile cha kuondoka kwako. Niliona ni siri yako, nikakitunga peke yangu mwishoni kabisa:

Siku binti anakwenda, hakufungua mlango,
Alikaa na ukimya, kama jiwe la kusaga.

Mistari hiyo niliiandika kama ulivyotaka, na mkono wangu ulikuwa mzito.

Nilinunua karatasi ya kienyeji, nikaunganisha vipande kwa uji wa mchele mpaka ikawa ndefu kuliko chumba, nikaandika kwa brashi, nikaiviringisha. Vikaratasi vya kujaribia niliviwashia moto wa jikoni. Hwaseon alisema Mama, ngoja ninakili kwanza, nikamwambia baada ya shughuli mwanangu, sasa hivi kuna samaki wa kukausha na wageni wanakuja. Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Siku ya kumbukumbu ilifika. Meza ilipendeza, wifi, usiwe na wasiwasi. Samaki mkubwa, pea, tende za kwetu, njugu, keki za mchele, na supu niliyokesha nayo mawazoni kuliko mume wangu. Siku hizi tunafanya jioni, si usiku wa manane kama zamani, wazee hawawezi. Mzee Kwon alisoma ile karatasi ya Kichina ya kuikaribisha roho, kwa sauti nene, na kama kawaida hakuna aliyeelewa, na mimi nina shaka hata msomaji hakuelewa.

Kisha Hwaseon akapiga magoti. Kaka yako alikuwa na hofu kwamba msichana wa chuo atasoma kama mtangazaji wa redio. Alianza hivyo kweli, mistari miwili ya kwanza. Halafu sijui nini kilimwingia, mwili ukaanza kuyumba, sauti ikapanda na kushuka, na nilipofumba macho nilimsikia Bibi. Wanaume walioketi mbele waliinamisha vichwa. Kaka yako alilia bila kujificha, kamasi na machozi, mpaka kofia yake ikakaa upande. Ilipofika kwenye mlango usiofunguliwa, sauti ya Hwaseon ilikatika, akarudia, akaendelea. Na mimi nilimwona Bibi wa Mudol akifumbua macho. Sikulitilia maanani.

Ilipomalizika nilikimbilia jikoni kupakua, maana wageni wakishalia wanakuwa na njaa. Huko nje kaka yako akafanya kazi yake ya mtoto mkubwa. Unajua desturi, roho ikishaagwa, karatasi yenye jina la marehemu inachomwa, na ile ya Kichina inachomwa. Basi kaka yako, bado macho yamejaa machozi, akakusanya karatasi zote zilizokuwa mezani. Zote. Akazibeba kwa mikono miwili, kwa heshima zote za dunia, akatoka nazo uani, akawasha.

Nilitoka na bakuli la supu nikaona moto mkubwa kuliko inavyopaswa. Hwaseon alikuwa amesimama pembeni, mkono mdomoni. Kipande cha karatasi kilipaa, kinawaka ukingoni, na niliutambua mwandiko wangu. Kikaenda juu ya paa. Nikauliza, Baba Hwaseon, hiyo ni nini unachoma? Akanitazama kwa upole, masikini, akasema:

"Si imeshasomwa? Kilichosomewa marehemu ni cha marehemu."

Wageni walikuwa wamejaa. Nilirudi jikoni nikaendelea kupakua. Wanasema nilitabasamu. Mimi sikumbuki.

Wifi, nikuambie ukweli, zile siku zilizofuata sikumsemesha kaka yako. Nilimpa chakula kwa wakati, lakini supu haikuwa na chumvi na yeye hakuthubutu kuiomba. Hata kumgombeza nilishindwa, kwa sababu hakukosea. Alifanya kama baba yake alivyofanya, na babu yake. Kosa lilikuwa langu la kusema baada ya shughuli. Niliketi nilikumbuke shairi niliandike upya, nikapata mwanzo, nikapata mwisho, katikati hewa tupu. Hwaseon alikumbuka vipande vyake. Na hata ningelipata lote, lisingekuwa karatasi ile uliyoniomba. Nilianza kukuandikia barua ya kukuambia, nikaichana. Simu ipo, najua, lakini kwenye simu ungelia wewe, ningelia mimi, na laini ingekatika kabla hatujaelewana.

Ndipo ikaja kazi ya kimchi. Shida haingoji majonzi, kabichi zilikuwa zimelala kwenye chumvi. Mwaka huu ilikuwa zamu ya kuanza kwetu, akina mama wakaja na mabeseni yao na visu vyao. Bibi wa Mudol na Bibi wa Hanbat hawana nguvu za kuinua kabichi, lakini hakuna anayethubutu kuwaacha nyumbani. Wakaketi kwenye mkeka karibu na jiko, wanapaka pilipili jani kwa jani na kutukosoa.

Bibi wa Hanbat ndiye aliyeanza uchokozi. Aliniuliza mbona nimenuna, kimchi iliyotiwa na mtu aliyenuna inachacha upesi. Nikashindwa kujizuia, nikasema yote, kwamba shairi limeungua na wifi yangu analisubiri Ujerumani. Wakanitazama. Bibi wa Mudol akauliza limeungua vipi wakati yeye analo. Nikadhani anasema karatasi. Akajipiga kwenye shavu kwa mkono uliojaa pilipili, akaanza kuyumba, na shairi likatoka, kuanzia machela.

Nakuapia, wifi. Lilitoka kama alivyolisikia, na pale alipokwama, Bibi wa Hanbat alidakia huku analia, na Bibi wa Hanbat alipokwama, mama wa jirani akadakia, na vipande vya mwisho akawa navyo Hwaseon. Wale wazee wamelelewa kushika kwa sikio, hawakuwa na karatasi za kuwabeba. Na nilivyowapelekea vipande vuli yote wanisahihishe, kumbe nilikuwa ninapanda akiba bila kujua. Niliiacha kabichi, nikamtuma Hwaseon alete kalamu na chochote cha kuandikia. Akaandika nyuma ya kalenda. Pilipili imedondokea hapo, lakini hiyo kalenda nimeibakiza mimi.

Hapo nilishaanza kupumua. Nilikuwa ninajiambia, si karatasi ile, lakini maneno ni yale, Sunrye ataelewa. Tukafika kwenye siku yako. Hwaseon akasema, siku binti anakwenda, hakufungua mlango. Bibi wa Mudol akaacha kupaka pilipili.

"Huo usiurudishe," akasema. "Umeungua, acha uungue. Ni uongo."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mstari huo aliutaka Sunrye mwenyewe, na kwamba mlango kweli haukufunguliwa, mimi nilikuwepo langoni. Akanijibu kwamba mlango wa mbele haukufunguliwa, sawa, na je, nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja?

Nitakusimulia kama alivyosimulia, bila kuongeza chumvi. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, Bibi alipita mlango wa uani akiwa na ndoo ya kutekea maji kichwani, ili akionwa aonekane anakwenda kisimani. Bibi wa Mudol alikutana naye nyuma ya ukuta, akamuuliza mbona kisima kiko bondeni na yeye anapanda kilima. Basi wakapanda wote wawili, mpaka kwenye ule msonobari uliopinda, pale juu ya barabara. Kutoka pale waliona lango letu lote. Walikuona umesimama na mzigo. Walikusikia unaita. Bibi wa Mudol akamsihi ashuke, akamwambia huyo ni mwanao, mtokee. Bibi akasema:

"Akiniona nalia atabaki. Na akibaki atazeeka kwenye matope ya mpunga kama mimi. Mwache anione nina roho mbaya, aende."

Hakulia palepale, anasema. Alisimama na ndoo kichwani bila kuishusha. Basi likaja, mkapanda, likashuka mpaka kwenye kivuko, likaingia majini, likatoka ng'ambo, likapotea nyuma ya mlima. Yeye bado kasimama. Halafu wakati wa kushuka, bila kumtazama mwenzake, akaanza kusema mistari. Bibi wa Mudol akaishika, kama walivyozoea kushikiana tangu wakiwa mabibi arusi. Walipofika ukutani Bibi akamwambia, haya ni ya kwangu na wewe, usimpe mtu. Na mwenzake hakumpa mtu. Aliketi kwenye kumbukumbu akasikia mstari wangu wa uongo unasomwa mbele ya meza, akajiuma ulimi, akawa halali vizuri tangu siku hiyo. Anasema alipouona moto uani alishukuru.

Kisha akaisema mistari ya Bibi. Sauti ilikuwa ya chini, hakuyumba hata kidogo:

Siku mwanangu aenda, nilitokea uani,
Nikapanda kilimani, na ndoo tupu kichwani,
Basi likavuka mto, nami nikavuka nalo,
Mwili ukashuka kwetu, jicho likabaki kule.

Sikuweza kuandika. Hwaseon aliandika. Mimi nilikuwa ninaikumbuka ile jioni, nyumba haina maji, na mimi ninanung'unika njia nzima ya kisimani. Ndoo ilirudi tupu, wifi, na nilikuwa nikijua kwamba ni tupu, nikaishika kwa mikono yangu, na sikujiuliza. Nililia mbele ya watu wote na pilipili mikononi, nikajipangusa macho, na hapo ndipo nilipolia kweli. Walinicheka mpaka Bibi wa Hanbat akaacha kulia.

Na kuna lingine. Unakumbuka mwaka jana nilikuandikia jinsi Bibi alivyotusumbua kuhusu kaburi lake? Hakutaka kulazwa karibu na Babu. Mtu wa kupima viwanja vya makaburi alikuja akasema mahali pale penye msonobari hapafai, upepo mwingi, na pameelekea barabara badala ya kuelekea maji. Kaka yako alibishana naye mpaka wakanuniana. Bibi alishikilia tu, nizikeni pale. Wewe mwenyewe uliniuliza kwa nini, na mimi nikakujibu kwamba wazee wanapenda mandhari. Mandhari gani, wifi. Anaitazama njia ya basi.

Siku ile kaka yako alikuwa kwenye chumba cha mbele, mlango wa karatasi katikati yetu, na alisikia kila neno. Asubuhi yake alipanda basi la kwanza kwenda mjini bila kuniaga, akarudi na karatasi nzuri kuliko ile yangu. Akaketi akasaga kijiti cha wino kwenye jiwe. Hakuambiwa. Alisaga mpaka nikamwambia Baba Hwaseon, huo unatosha kuandikia historia ya nchi nzima. Akasema kusaga ni kazi anayoweza kufanya bila kuharibu kitu. Jioni ile nikatia chumvi kwenye supu.

Kwa hiyo shairi unalolikuta kwenye kitambaa si karatasi ile uliyoniomba. Ile anayo Bibi, nadhani ameshaisahihisha. Hii imeandikwa na mikono miwili, yangu na ya Hwaseon, na wino umesagwa na kaka yako. Mstari wangu wa mlango haumo. Mahali pake tumeweka mistari ya Bibi mwenyewe, yote minne, bila kugusa hata neno. Tuliipeleka kilimani tukaisoma tena mbele ya kaburi kabla ya kuikunja, Bibi wa Mudol akibebwa mgongoni na kaka yako, akimpiga begani kila alipoteleza. Kwa hiyo nayo ameisikia. Safari hii karatasi niliishika mimi, na kaka yako alikaa mbali na viberiti.

Mwishoni nimekuachia sehemu tupu, kama desturi yetu. Anayelipokea shairi anaongeza yake kabla ya kumpa anayefuata. Usiniambie Kikorea chako kimeingia kutu. Chora kwenye majivu kama hukupata kalamu, lakini andika, kisha siku moja umpe Klara.

Nisalimie sana shemeji Dieter na umbusu Klara kwenye lile paji la uso. Bibi wa Mudol anakusalimu, anasema umsamehe kwa kukaa kimya, aliapa. Bibi wa Hanbat anakusalimu na analia. Hwaseon anasema akimaliza chuo atakuja kukuona, mimi nimesema tutaona. Kaka yako anakusalimu, hakupata la kuongeza, ila amekuwa akipita pita hapa mlangoni ili ajue nimefika wapi. Mungu akukaze mifupa, akupe usingizi mwema, na akurudishe kwetu siku moja kwa miguu yako mwenyewe.

Uliniuliza kama Mama alikukasirikia. Ulikuwa umegeuza shingo unaangalia lango, wifi, njia nzima mpaka kivukoni, na mimi nilikuwa kando yako nikiangalia huko huko. Tuliangalia upande ambao hakuwepo, sote wawili. Siku ukija, ukishuka kwenye basi, usitazame lango kwanza. Tazama juu, kwenye msonobari.

Wako akupendaye kwa mdomo na kwa moyo,
Wifi yako Okhyang,
Mama Hwaseon.